Kizuri Kisichojiuza: Kwa Nini Simu za Setilaiti Hulala Ghalani

Wafanyabiashara wetu hupenda kusema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Simu ya setilaiti ni bidhaa inayoukana msemo huo. Hufanya kazi katikati ya bahari, jangwani, ndani ya pori lisilo na mnara hata mmoja, na siku ya mafuriko ambapo nguzo za umeme zimesombwa na mitandao ya kawaida imenyamaza. Hakuna anayebisha kwamba ni kizuri. Hata hivyo, tangu ilipoanza kuuzwa kama simu ya mkononi mwishoni mwa karne iliyopita, historia yake ni historia ya makampuni yaliyofilisika, bei zilizoporomoka na maboksi yaliyopigwa vumbi. Mwenye mzigo uliolala hupewa ushauri mmoja na kila mpita njia: shusha bei. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na kwa kuwa ni nusu, humpoteza mtu kwa urahisi zaidi kuliko uongo mtupu. Bei inayomzuia mnunuzi wa simu ya setilaiti mara nyingi siyo ile iliyobandikwa kwenye boksi. Kinachomzuia ni gharama inayofuata baada ya boksi kufunguliwa, ambayo mnunuzi hajui itafika wapi, pamoja na ukweli kwamba muuzaji hayupo pale hitaji lilipo. Anayetaka kuutoa mzigo ghalani hana budi kuyashughulikia yote mawili kwa pamoja, la sivyo punguzo lake litakuwa hasara tu iliyoharakishwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kisa cha Iridium. Wazo lilizaliwa ndani ya kampuni ya Motorola mwaka 1987: kuizungushia dunia setilaiti 77 ili mtu aweze kupiga simu akiwa popote, na mradi ukapewa jina la elementi yenye namba 77 katika jedwali la kemia. Baadaye wahandisi waliona 66 zinatosha, lakini jina likabaki. Huduma ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1998, Makamu wa Rais wa Marekani, Al Gore, akipiga simu ya kwanza. Kufikia hapo dola zipatazo bilioni 5 zilikuwa zimeshatumika. Simu moja iliuzwa kwa takriban dola 3,000, na dakika moja ya maongezi iliweza kufika dola 7. Wakopeshaji waliweka sharti kwamba kampuni iwe na wateja wa simu 27,000 ifikapo mwisho wa Machi 1999. Siku ilipofika, wateja wote kwa jumla, wa simu na wa peja, walikuwa elfu kumi na ushei. Katikati ya mwaka huo bei zikakatwa kwa kishindo, ya simu na ya dakika. Haikusaidia. Agosti 1999 kampuni iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, Machi 2000 ikawakatia huduma wateja wa kawaida, na mipango ikaanza ya kuziangusha setilaiti zile ziungue angani.

Kwa nini punguzo la mwaka 1999 halikuzaa kitu? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba simu yenyewe ilikuwa kubwa kama tofali, haikufanya kazi ndani ya nyumba, na kwamba mitandao ya kawaida ilikuwa imeshasambaa mijini. Yote hayo ni kweli, lakini yanaeleza kwa nini mteja mmoja mahususi hakununua, yaani mfanyabiashara anayeruka kutoka hoteli moja ya jiji hadi nyingine. Huyo ndiye ambaye matangazo ya mamilioni ya dola yalimlenga, na huyo ndiye ambaye, katika ile miaka kumi na mmoja kati ya wazo na uzinduzi, alikuwa ameshapata simu ndogo ya mfukoni inayofanya kazi Paris na Singapore. Kumpunguzia bei mtu asiye na haja ni sawa na kumuuzia mwavuli kwa nusu bei mtu aliyeko ndani ya nyumba. Waliokuwa na haja, yaani mabaharia, wachimba madini, waokoaji na wanajeshi, hawakutafutwa mapema kwa bidii ile ile. Jambo la pili ni wakati. Punguzo lilikuja baada ya magazeti kuandika juu ya madeni, kwa hiyo halikusomeka kama neema ya muuzaji. Lilisomeka kama kilio cha mgonjwa mahututi. Simu ya setilaiti bila mtandao wake ni kipande cha plastiki. Mnunuzi mwenye akili hawezi kuingia gharama ya kifaa ambacho mtandao wake huenda ukazimwa kabla mwaka haujaisha, hata kiuzwe kwa bei gani.

Sehemu ya pili ya kisa hicho ndiyo yenye somo kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 kundi la wawekezaji lililoongozwa na Dan Colussy, aliyewahi kuwa rais wa shirika la ndege la Pan Am, liliinunua mali yote ya Iridium kwa takriban dola milioni 25. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikaingia mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka 2, ikilipia matumizi yasiyo na kikomo kwa watumishi wake 20,000. Mwaka 2001 huduma kwa wateja wa kawaida ikarudi, dakika ikiuzwa kwa sehemu ndogo ya ile bei ya mwanzo, na kazi ya kuuza ikaachiwa washirika wanaonunua kwa jumla na kuzifahamu sekta zao: wa meli, wa ndege, wa migodi, wa serikali. Mwaka 2018 mtandao huo ulivuka wateja milioni 1, na baadaye ukavuka milioni 2, ingawa wengi wao leo si watu wanaoongea bali ni vifaa vinavyotuma taarifa fupi fupi kutoka kwenye makontena, matrekta na maboya. Tuzingatie kilichobadilika na ambacho hakikubadilika. Setilaiti zilikuwa zile zile, kwenye njia ile ile ya kilomita 780 kutoka ardhini. Simu ilibaki nene, na ukiwa chini ya paa bado haikushika. Kilichobadilika ni muundo wa bei, aina ya mnunuzi na mkono uliokuwa ukiuza.

Hapa msomaji makini atapinga: Colussy aliweza kuuza rahisi kwa sababu alinunua rahisi. Mabilioni yalikuwa yameshazama mikononi mwa wengine, yeye aliokota. Muuzaji wa kawaida aliyenunua mzigo wake kwa bei kamili hana bahati hiyo. Pingamizi hili ni la haki, lakini ukilifuata hadi mwisho linaunga mkono hoja badala ya kuiangusha. Fedha iliyolipwa kununua simu iliyoko ghalani imeshazama, iwe mwenye mali anakiri au hakiri. Soko halimuulizi alinunua kwa kiasi gani. Linamuuliza leo anatoa nini. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa zilizoko ghalani, IAS 2, inasema waziwazi kwamba bidhaa iandikwe vitabuni kwa gharama yake au kwa thamani inayoweza kupatikana ikiuzwa, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Wafanyabiashara wengi huikwepa kanuni hiyo kwa sababu inauma. Huendelea kuihesabu simu ya dola 800 kuwa ni dola 800 miaka mitatu baada ya kuagizwa, huku betri ya lithiamu ikipoteza uwezo ndani ya boksi, toleo jipya likiwa limeshatoka, na mtaji ukiwa umefungwa pale badala ya kuzunguka. Colussy aliipata hasara ikiwa imeshakubaliwa na mahakama. Mwenye ghala anapaswa kuikubali mwenyewe, kichwani na vitabuni, kabla mahakama haijamkubalisha. Bila hatua hiyo, bei yoyote atakayoweka itakuwa inajibu swali la jana.

Baada ya kukubali hasara, kazi inayofuata ni kutambua kwamba simu hii ina bei tatu, si moja. Kuna bei ya chombo, kuna bei ya kuwa na laini hai hata bila kuitumia, na kuna bei ya dakika au ujumbe. Muuzaji wa rejareja kwa kawaida ana mamlaka juu ya bei ya kwanza tu, ilhali kinachomtisha mteja ni ya pili na ya tatu. Ndiyo maana punguzo la dukani peke yake humfanya mnunuzi akumbuke msemo kwamba rahisi ni ghali. Na hapo ndipo uchumi wa setilaiti wenyewe unapotoa nafasi ambayo wengi hawaioni. Setilaiti inayozunguka dunia kutoka ncha hadi ncha hutumia sehemu kubwa ya muda wake juu ya bahari na majangwa, ikiwa haibebi simu hata moja. Gharama ya kuirusha na kuiongoza ni ile ile, iwe imebeba maongezi au imepita tupu. Dakika isiyouzwa ni kama kiti cha daladala kilichobaki wazi gari likiondoka kituoni: hakiwekwi akiba kwa ajili ya kesho. Kwa hiyo mwenye mtandao anaweza kutoa dakika kwa bei ya chini kabisa bila kujiumiza, mradi tu apate mteja mpya ambaye vinginevyo asingekuwepo. Mwenye ghala hana dakika za kutoa, na mwenye dakika hana mzigo unaomkera. Mzigo unalala katika pengo hilo lililo kati yao. Mazungumzo ya kwanza ya anayetaka kuondoa simu zake ni na mwenye mtandao au wakala wake mkuu, kabla ya mteja yeyote: chombo nitakitoa kwa bei ya hasara, nawe utoe mwaka mmoja wa laini na dakika za dharura, tuuze kifurushi kimoja chenye bei moja inayojulikana tangu mwanzo.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake kuhusu nguvu ya jinsi bei inavyogawanywa, tofauti na ukubwa wake. Mwaka 2000 Kenya ilikuwa na kampuni mbili za simu za mkononi zikianza kushindana, Safaricom na Kencell. Safaricom iliamua kutoza kwa sekunde wakati mpinzani wake alikuwa akitoza kwa dakika nzima, na pamoja na malipo ya kabla kwa kadi za kukwangua, uamuzi huo uliwafungulia mlango watu ambao hawakuwahi kuhesabiwa kuwa wateja wa simu. Simu ya mkononi yenyewe ilikuwa bado ghali. Lakini mtu aliyeweza kuongea sekunde ishirini na kulipia ishirini hizo tu, bila bili ya mwezi inayomsubiri, aliona kwamba gharama iko mikononi mwake. Mfano wa karibu zaidi ni wa mtandao wa Starlink, ambao mwaka 2024 ulianza kuwakodishia Wakenya dishi lake kwa malipo ya kila mwezi badala ya kuwataka walinunue kwa mkupuo. Huduma ya kutoka angani haikubadilika. Kilichotolewa ni ule ukuta wa malipo ya kwanza. Ukilinganisha na kadi nyingi za malipo ya kabla za simu za setilaiti, utaona kinyume cha busara hiyo: salio lina muda wa kuisha, na mteja anayeweka simu kwa ajili ya siku mbaya hujikuta akiadhibiwa kwa sababu siku mbaya haikufika.

Jambo hilo linatupeleka kwenye asili ya bidhaa yenyewe. Watu wengi wanaohitaji simu ya setilaiti hawanunui maongezi, wananunua uhakika. Nahodha wa jahazi, kiongozi wa watalii katika Hifadhi ya Katavi, mwenye mgodi mdogo mbali na barabara kuu, hospitali ya misheni katika msitu wa Ituri: wote wangefurahi kama mwaka ungepita bila kuigusa. Kwa hiyo bidhaa hii ni ndugu wa bima kuliko ndugu wa simu, na bima haiuzwi kwa kutoza kila ajali. Huuzwa kwa kiasi cha mwaka, kidogo, kinachojulikana. Waliolielewa hilo walifaulu kwa setilaiti zile zile ambazo wengine walishindwa nazo. Mwaka 2007 Globalstar ilitoa kifaa kidogo kiitwacho SPOT, kisichopiga simu kabisa, kinachotuma mahali ulipo na ombi la msaada kwa ada ya mwaka. Mwaka 2011 kampuni ya DeLorme ilileta inReach, kinachotuma ujumbe kupitia mtandao wa Iridium. Garmin iliinunua kampuni hiyo mwaka 2016 na kukiuza kwa vifurushi ambavyo mteja anaweza kuvisimamisha miezi asiyosafiri. Vifaa hivyo viliuzwa katika maduka ya mahema na viatu vya kupanda milima, kwa watu ambao wasingeingia katika duka la simu kuulizia setilaiti.

Globalstar hiyo hiyo inatoa somo lingine, la namna bei inavyoweza kukiri kasoro. Mwaka 2007 ilitangaza kwamba vikuza mawimbi vya setilaiti zake za kizazi cha kwanza vilikuwa vinachakaa haraka kuliko ilivyotarajiwa, na simu za sauti zikawa zinakatika au kukosa njia kwa vipindi. Ingeweza kuficha. Badala yake ilishusha bei na kutoa vifurushi vya maongezi bila kikomo, ikaweka pia njia ya mteja kuangalia ni saa ngapi setilaiti nzuri itapita juu ya eneo lake. Haikuwa dawa kamili, kwani wateja wengi waliondoka na mapato ya maongezi yakashuka. Lakini wapo waliobaki, kwa sababu kilichouzwa kilikuwa kinafanana na kilichoahidiwa: huduma yenye mapengo, kwa bei ya huduma yenye mapengo. Muuzaji mwenye toleo la zamani ghalani anaweza kufanya vivyo hivyo. Aseme waziwazi kwamba simu hii ni ya kizazi kilichopita, intaneti yake ni ya taratibu sana, betri imebadilishwa, na bei inaendana na hayo. Mzigo wa zamani unaouzwa kwa jina lake halisi hauharibu jina la mzigo mpya.

Lakini je, mteja akijua kwamba bei itashuka, si atangoja ishuke tena? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote kwa kampeni yoyote ya punguzo, na mwanauchumi Ronald Coase alilieleza mwaka 1972. Mwenye kuuza kitu kinachodumu hushindana na nafsi yake ya kesho: kila akishusha bei kuwafikia wasionunua, humfundisha mnunuzi wa leo kusubiri. Miongoni mwa njia za kutoka ambazo Coase mwenyewe alizionesha ni kukodisha badala ya kuuza, na kwa simu ya setilaiti njia hiyo inafaa zaidi ya vitu vingi, kwa sababu hitaji ni la msimu. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Simu ilimgharimu muuzaji dola 800. Akiitoa kwa dola 500, ameshapoteza 300. Akiikodisha kwa dola 40 kwa wiki, na ikapata wapangaji kwa wiki 15 tu katika mwaka mzima, inaingiza dola 600. Ondoa theluthi moja kwa ajili ya laini, matengenezo na hasara za hapa na pale, zinabaki 400. Mwaka wa pili ukienda hivyo hivyo, zile 800 zimerudi na simu bado iko mkononi. Atakayesema wiki 15 ni nyingi aangalie kalenda ya utalii wa mbuga, misimu ya utafiti wa madini na ya upigaji picha za filamu. Na mwenye kukodisha hupata kitu ambacho mwenye kuuza hakipati: anajua kila simu yake iko kwa nani.

Kukodisha huko, hata hivyo, hakuwezekani kwa mtu aliyekaa nyuma ya kaunta mjini. Hapa tunaingia katika usambazaji, ambao kwa maoni yangu ndio ugonjwa mkubwa zaidi na unaozungumzwa kidogo zaidi. Simu ya setilaiti hupita mikono mingi: mtengenezaji, mwenye mtandao, mtoa huduma, mwagizaji, muuza rejareja. Kila mkono huongeza chake, na hakuna hata mmoja unaohesabu jumla. Usafirishaji nao una gharama zake, kwa sababu betri za lithiamu zina masharti maalumu kwenye ndege. Matokeo yake ni bei ya mwisho ambayo hakuna aliyeichagua. Kufupisha mnyororo huu kwa mkono mmoja kunaweza kushusha bei kuliko punguzo lolote analoweza kulitoa mtu wa mwisho kutoka mfukoni mwake. Lakini kufupisha si kila kitu. Swali la pili ni mkono wa mwisho uwe wa nani. Duka la simu mjini liko mahali ambapo mtandao wa kawaida ni mzuri kuliko popote, yaani mahali ambapo bidhaa hii inahitajika kidogo kuliko popote. Mwenye kuihitaji hupita kwingine: kwa anayekodisha magari ya kwenda porini, kwa fundi wa injini za boti, kwa muuza mitambo ya kuchimba visima, kwa wakala wa bima ya vyombo vya majini, kwa ofisi zinazonunua vifaa vya mashirika ya misaada jijini Nairobi. Watu hawa hawataweka mtaji wao katika bidhaa wasiyoijua, na hapo ndipo utaratibu wa kale wa biashara ya pwani unapofaa kurudi: mali kauli. Mwenye mzigo anaacha simu tano kwa mwenye magari, bila kulipwa chochote, kwa makubaliano ya kugawana kila inapouzwa au kukodishwa. Simu zile zilikuwa zimelala hata hivyo. Zikilala karibu na mteja hazimgharimu mwenyewe zaidi ya zilivyomgharimu zikilala ghalani.

Mali kauli ina hatari zake, na si busara kuzipuuza. Anayeuza asichokilipia anaweza kukizembea, kukiharibu au kukiuza kwa ahadi za uongo. Simu ya setilaiti inadai maelezo ambayo simu ya kawaida haidai: lazima uone anga, antena lazima iinuliwe, simu za mitandao ya Thuraya na Inmarsat zielekezwe upande ilipo setilaiti iliyosimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, ilhali za Iridium na Globalstar husubiri setilaiti zinazopita. Mteja asiyeelezwa hayo atajaribu kupiga akiwa chumbani, atashindwa, na atawaambia watu kumi kwamba amepigwa. Kwa hiyo mzigo wa mali kauli uende pamoja na mafunzo ya saa chache, simu moja ya kujaribia, na mtu mmoja wa kuulizwa wakati wowote. Gharama ya mafunzo hayo ni ndogo ikilinganishwa na matangazo. Iridium ya mwanzo ilitumia mamilioni kutangaza duniani kote, watu wakaulizia kwa wingi, lakini wauzaji wa nchi mbalimbali hawakuwa tayari kuwapokea. Tangazo humfikisha mteja mlangoni; anayemwingiza ndani ni mtu anayejua kujibu swali lake.

Kuna kundi litakalosema mjadala huu wote umepitwa na wakati. Tangu Novemba 2022 baadhi ya simu za iPhone zinaweza kuomba msaada kupitia setilaiti za Globalstar bila kifaa kingine. Makampuni ya simu yanafunga mikataba ya kuunganisha simu za kawaida moja kwa moja na setilaiti. Minara nayo inazidi kupanda: Agosti 2022 Tanzania ilizindua intaneti ya kasi ya TTCL kwenye Mlima Kilimanjaro, ikifika Horombo, kwa hiyo hata mpanda mlima, aliyekuwa mfano wa kila tangazo la simu ya setilaiti, amepungua katika hesabu. Ninakubali ushahidi huo wote, na ninasema unaongeza uharaka wa hoja badala ya kuifuta. Ombi la msaada kwa ujumbe mfupi, katika nchi chache zilizowekewa huduma hiyo, si maongezi ya nusu saa kati ya daktari na nesi aliye na mgonjwa kijijini. Nahodha anayeongea na bandari anahitaji antena imara na betri ya siku kadhaa. Soko la wanaohitaji sauti ya uhakika halijafa. Linapungua ukubwa na kuongezeka ukali wa masharti. Maana yake ni kwamba simu iliyoko ghalani leo ina thamani kubwa kuliko itakayokuwa nayo mwakani, na anayesubiri bei ipande anasubiri embe kwenye mwarobaini.

Pingamizi la mwisho ni la usalama, na si dogo katika ukanda wetu. Simu isiyopita kwenye minara ya nchi huwatia wasiwasi watawala, na wasiwasi huo una sababu zake katika maeneo ya vita na ujangili. India, kwa mfano, inakataza simu za Thuraya na Iridium bila kibali, na wasafiri wamewahi kukamatwa nazo. Hapa kwetu vifaa vya mawasiliano vinatakiwa vithibitishwe na mamlaka husika, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, kabla ya kuingizwa sokoni. Je, kueneza simu hizi kwa bei nafuu kupitia mikono mingi si kuzirahisishia kufika zisikotakiwa? Inawezekana, ikiwa zitamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa bila kumbukumbu. Na kumwaga huko ndiko hutokea pale ambapo mwenye mzigo amechelewa hadi akakata tamaa. Mpango ninaoutetea unaelekea upande mwingine. Kifurushi cha mwaka humsajili mteja tangu siku ya kwanza. Kukodisha kunadai kitambulisho, dhamana na tarehe ya kurudisha. Wakala wa mali kauli ana orodha ya namba za simu alizokabidhiwa. Mwenye biashara anayekwenda kwenye mamlaka na mpango wa aina hiyo mkononi ana nafasi nzuri zaidi ya kupata kibali kuliko anayekwenda na punguzo.

Tukiyaweka yote pamoja, utaratibu unajipanga wenyewe. Kwanza hasara ikubaliwe vitabuni, ili bei iwe huru kufuata soko. Kisha mwenye mtandao aingizwe katika meza, ili bei tatu ziwe moja. Mzigo ugawanywe: matoleo mapya yauzwe kwa kifurushi, ya zamani yakodishwe au yauzwe kwa kukiri uzee wake, na yale ambayo mtandao wake unakaribia kuzimwa yavuliwe betri, chaja na antena kwa ajili ya vipuri, au yatolewe kwa vikosi vya uokoaji yakiwa bado yana miezi ya kufanya kazi. Punguzo la wazi dukani lije mwishoni, kwa kilichobaki, mara moja tu. Mpangilio huu una sababu moja: kila hatua hapa inakula kidogo katika thamani ya inayofuata, na punguzo la wazi hula kuliko zote, kwa sababu likishatangazwa hakuna atakayekubali kifurushi wala kodi. Iridium ya mwaka 1999 ilianza na hatua ya mwisho, ikiwa na deni la siku zilizopita mgongoni na mteja asiye na haja mbele yake. Iridium ya mwaka 2001 haikuwa na simu nzuri zaidi ya hiyo. Ilikuwa na bei isiyobeba makosa ya zamani na wauzaji waliokuwa wamesimama karibu na bahari, karibu na mgodi, karibu na kambi. Kizuri, kumbe, nacho hutembezwa, na anayekitembeza anahitaji kujua njia ya kwenda kwa mwenye haja nacho.